Bamba la Siagi Kavu kwa Kruasani za Nyumbani: Linatibu Nini na Haligusi Nini

Siagi ya bamba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa bidhaa ya waokaji wa kazi, sasa inawafikia hata wanaooka kruasani, vile vitafunio vya Kifaransa vya matabaka, katika jiko la nyumbani. Ni siagi isiyo na chumvi, yenye mafuta kati ya asilimia 82 na 84, ambayo kiwanda huitoa ikiwa kipande kimoja bapa chenye unene wa sentimita moja hivi, na mara nyingi uzito wa kilo moja. Wauzaji huiita siagi kavu, na wanunuzi huitarajia iondoe karibu kila kasoro inayowasumbua: matabaka yasiyoonekana, siagi inayochuruzika kwenye trei, shimo kubwa chini ya ganda la juu, na sehemu ya ndani iliyoshikamana kama mkate wa kawaida. Nimeitumia sambamba na siagi ya kawaida na pia majarini ya kuokea, na hukumu yangu ni kwamba inatibu vizuri sana kasoro zinazozaliwa wakati wa kusukuma na kukunja donge, inasaidia kidogo wakati wa kuumuka, na haigusi kabisa zile zinazobaki. Kwa bahati mbaya, zinazobaki ndizo zinazolalamikiwa zaidi.

Tuanze na hilo neno kavu, kwa sababu linawapotosha watu. Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba siagi hii ina maji machache, na kwamba hiyo ndiyo siri ya ubora wake. Hesabu ndogo inaonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi. Mapishi ya nyumbani yanayotumia gramu 500 za unga huhitaji takriban gramu 250 za siagi ya kukunjia, yaani ile inayofungwa ndani ya donge na kukunjwa nalo ili kutengeneza matabaka. Siagi yenye mafuta asilimia 80 ikilinganishwa na ile ya asilimia 84, tofauti ni asilimia 4 ya gramu 250, yaani gramu 10 tu, nazo zimesambaa katika donge ambalo tayari lina karibu robo lita ya maji au maziwa. Gramu hizo kumi haziwezi peke yake kugeuza mkate kuwa kruasani. Isitoshe, maji yaliyomo katika siagi yana kazi yake, kwa kuwa ndani ya oveni hugeuka mvuke na kusaidiana na mvuke wa donge lenyewe kuyainua matabaka.

Faida halisi iko katika namna mafuta yalivyoganda. Mafuta ya maziwa si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi, mengine yakiyeyuka katika ubaridi wa jokofu na mengine yakingoja hadi yapite nyuzi 30 za Selsiasi. Siagi ya kawaida huwa laini zaidi katika msimu ambao ng'ombe wanakula majani mabichi, na ngumu zaidi wanapolishwa majani makavu, kwa sababu chakula hubadilisha aina ya mafuta katika maziwa. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata mapishi yaleyale, kwa siagi ya chapa ileile, akapata matokeo mawili tofauti katika miezi tofauti. Watengenezaji wa siagi ya bamba huondoa mabadiliko hayo: baadhi yao hutenganisha sehemu ya mafuta inayoganda mapema na ile inayobaki laini, kisha huzichanganya kwa kipimo maalumu, na wengine huipoza na kuikanda siagi kwa ratiba inayoifanya inyumbulike bila kuyeyuka. Unachonunua, kwa hiyo, ni siagi yenye tabia isiyobadilika, na kwa anayetafuta chanzo cha kasoro fulani jambo hilo lina thamani kubwa, maana linamwondolea kitu kimoja kati ya vingi vya kushuku.

Juu ya meza ya kusukumia ndipo bamba linapojitetea lenyewe. Siagi ya kawaida hukubali kusukumwa vizuri ikiwa kati ya nyuzi 13 na 16 hivi. Ikiwa baridi zaidi hukatika ndani ya donge, na ukitazama kwa makini juu ya uso wa donge utaona mabaka ya manjano yaliyotenganishwa na mistari mieupe. Mabaka hayo hayarekebishiki. Kila yanapokunjwa hutawanyika zaidi, na mahali palipokosa siagi matabaka ya donge hugusana, hushikamana, na huoka kama mkate; mahali siagi ilipolundikana huyeyuka kwa pamoja na kuacha uwazi. Ikiwa ya joto zaidi, siagi hupakazwa na kunyonywa na unga, na hapo hata ukikunja kwa ustadi wa namna gani hakuna matabaka ya kuyakunja, bali umetengeneza briyoshi, yaani mkate laini wa siagi na mayai, yenye mafuta mengi. Inaweza kuwa tamu, lakini si ulichokusudia.

Bamba hupanua nafasi iliyopo kati ya hali hizo mbili. Linakubali kupindwa likiwa baridi kiasi ambacho siagi ya kawaida ingekwisha kukatika, na linashikilia umbo lake jikoni kukiwa na joto ambalo lingeifanya siagi ya kawaida ing'ae na kuteleza. Faida hii huonekana zaidi baada ya donge kupumzishwa jokofuni kati ya mkunjo na mkunjo. Donge na siagi vikikaa pamoja katika ubaridi wa nyuzi 4, siagi hukaza kuliko donge, kwa hiyo anayeongeza muda wa kupumzisha kwa kudhani anajihami huishia kusukuma kitu laini kilichofunika kitu kigumu. Kwa siagi ya kawaida, mapumziko ya nusu saa hutosha kwa donge dogo, na yakizidi sana lazima uliache donge mezani kwa dakika kadhaa na kuligongagonga kwa kifimbo kabla ya kulisukuma. Kwa bamba, pengo hilo la ugumu ni dogo, na aliyelazimika kuacha kazi kwa saa moja na kuirudia baadaye hatalipa gharama kubwa.

Hata hivyo, maelekezo ya baadhi ya wauzaji kwamba bamba litolewe jokofuni na kuwekwa moja kwa moja ndani ya donge hayafai kufuatwa. Siagi yoyote ikiwa na nyuzi 4 hukatika, na hii pia. Ni lazima igongwe kwa kifimbo ikiwa kati ya karatasi mbili za kuokea hadi ilegee bila kupata joto. Kipimo kizuri ni kukata ukanda mwembamba na kuulaza ukingoni mwa meza: ukiinama bila kupasuka, siagi iko tayari, ukikatika, bado, ukiacha mafuta kwenye vidole, umechelewa. Donge nalo liwe na ulaini unaokaribiana na huo. Nasisitiza ulaini, si joto tu, kwa sababu donge lenye maji mengi litakuwa laini kuliko siagi hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi zilezile kwa vyote viwili.

Umbo la bamba ni baraka yenye kero ndani yake. Unene ulio sawa pande zote ni jambo ambalo mikono ya nyumbani hulipata kwa shida, kwani siagi iliyopondwa kwa kifimbo huwa nene katikati na nyembamba pembeni, na hitilafu hiyo hubaki hadi mwisho katika kila kruasani. Bamba limekumalizia kazi hiyo. Lakini kilo moja imekusudiwa donge la kilo mbili hivi za unga, na nyumbani utahitaji robo yake. Ukilikata mara nne sawasawa unapata vipande vinavyotosha donge la gramu 500 za unga kila kimoja, mradi ulisukume donge liwe na upana uleule wa kipande na urefu mara mbili, ndipo ulifunike juu ya siagi na kuzibana kingo. Anayefuata mapishi yanayotaka gramu 280, au 220, atalazimika kuunga viraka, na viraka vinarudisha ule unene usio sawa uliokufanya ununue bamba. Nashauri urekebishe kipimo cha unga kifuate siagi, badala ya kuikatakata siagi ifuate unga. Watengenezaji wangewasaidia sana wanunuzi wa nyumbani kama wangetoa mabamba ya gramu 250, na sioni sababu ya kiufundi inayowazuia.

Sasa nigeukie yale ambayo bamba haliyagusi. La kwanza ni donge linalorudi nyuma. Unalisukuma hadi sentimita 60, unaondoa kifimbo, nalo linajikunyata hadi 45. Hiyo ni gluteni, yaani protini ya unga inayolipa donge mvutano wake, iliyokazwa kupita kiasi, ama kwa kukandwa sana, ama kwa unga wenye protini nyingi mno, ama kwa kutopumzishwa vya kutosha. Unga wenye protini ya asilimia 11 hadi 12.5 hunitosha, ukikandwa hadi donge liwe nyororo bila kufikia hatua ya kuvutika kama utando mwembamba, kwa kuwa kusukuma na kukunja ni kukanda kwa namna nyingine. Hapa bamba linaweza hata kuleta madhara. Siagi ya kawaida ingekatika mapema na kukulazimisha ulirudishe donge jokofuni. Bamba linavumilia nguvu, na uvumilivu huo humshawishi mtu aendelee kubana na kuvuta hadi matabaka ya donge lenyewe yachanike. Kruasani za namna hiyo hutoka zikiwa fupi na zilizopinda upande, huku mwenyewe akiilaumu siagi aliyoinunua kwa bei ya juu.

La pili, ambalo ndilo kiini cha malalamiko mengi, ni siagi inayochuruzika. Mtu anafungua oveni na kukuta kruasani zinaogelea, zinakaangika chini, na ndani zina ugumu wa mkate. Anahitimisha kwamba siagi ilikuwa mbaya. Nimeona tatizo hili kwa siagi ya kawaida na kwa bamba vilevile, na chanzo karibu kila mara ni kuumuka, lakini kwa njia mbili zinazopingana. Kuna kruasani zilizowahishwa ovenini kabla hazijaumuka vya kutosha: matabaka ya donge bado ni mazito na yamebana, siagi inayeyuka upesi kuliko donge linavyotanuka, na kwa kuwa haina mahali pa kushikwa, inatoka. Kuna pia kruasani zilizoumushwa mahali pa joto kupita kiasi, ambapo siagi iliyeyuka kabla ya kufika ovenini, na matabaka yakapotea saa nzima kabla ya moto kuwashwa.

Kuzitofautisha si vigumu ukijua pa kutazama. Katika hali ya pili, dalili huonekana mapema: chini ya kruasani mbichi kuna ung'avu wa mafuta au hata kidimbwi kidogo kwenye karatasi, na mistari ya matabaka kwenye kingo zilizokatwa imefifia. Ukiikata ikishaoka, sehemu ya ndani ina vitundu vidogo vya mkate vilivyolowa mafuta. Katika hali ya kwanza, karatasi ilikuwa kavu hadi oveni ilipoanza kazi, na kruasani ikikatwa huonyesha matabaka machache ya nje yaliyochangamka, kitovu kizito kilichobana, na pengine shimo kubwa chini ya mgongo. Tiba zake zinakwenda pande tofauti kabisa, moja ikitaka muda zaidi na nyingine ubaridi zaidi, na anayeongeza muda mahali penye joto kali anazidisha tatizo.

Joto linalofaa kuumushia ni kati ya nyuzi 24 na 27, kukiwa na unyevu wa kutosha kuzuia ngozi ya donge isikauke. Kwa siagi ya kawaida nisingependa kuvuka 26. Bamba, kwa kuwa huyeyuka juu zaidi kidogo, hukupa usalama wa nyuzi moja au mbili, na huo ndio msaada wake mdogo niliousema mwanzoni. Usiugeuze msaada huo kuwa ruhusa. Desturi ya kuweka kruasani katika oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji yanayochemka hupandisha joto kupita nyuzi 30 kwa urahisi, na hakuna siagi, iwe kavu namna gani, itakayobaki imara humo kwa saa mbili. Kipimajoto cha kuweka karibu na trei kitamwokoa mtu kuliko bamba lolote, na kama uwezo unaruhusu kununua kimoja tu kati ya viwili hivyo, nunua kipimajoto.

Muda wenyewe usiuamini sana. Mapishi huandika saa mbili, na saa mbili katika nyuzi 21 hazilingani na saa mbili katika nyuzi 26. Kruasani iliyo tayari imevimba waziwazi, kingo zake zilizokatwa zinaonyesha matabaka yaliyoachana, na trei ikitikiswa polepole inacheza yote kwa pamoja. Kama haichezi, ngoja. Mara nyingi kungoja huko huchukua saa tatu, na hapo ndipo wengi huchoka. Mafuta kidogo kwenye trei baada ya kuoka, hata hivyo, ni jambo la kawaida kwa donge ambalo karibu robo ya uzito wake ni siagi, na halistahili kukusumbua.

Kuhusu oveni nitasema machache. Nyuzi 190 hadi 200 kwa dakika 18 hivi hufaa kwa kruasani za ukubwa wa kawaida, na kosa linalojirudia ni kuzitoa mapema kwa sababu rangi imependeza. Rangi ya dhahabu huja kabla ya sehemu ya ndani kukauka, hasa donge likiwa na maziwa na sukari. Kruasani inayosinyaa ubavuni ikipoa ama iliumuka kupita kiasi ama haikuiva, na siagi haihusiki. Yai la kupaka nalo lisishuke kwenye kingo zilizokatwa, kwa maana huyagundisha matabaka ambayo umetumia siku nzima kuyatenganisha.

Idadi ya mikunjo inastahili neno, kwani watu wakipata siagi imara hutamani kuongeza. Mikunjo mitatu ya tatu-tatu, yaani kila mara donge likikunjwa sehemu tatu, hutoa matabaka 27 ya siagi, na mkunjo mmoja wa sehemu nne ukifuatiwa na mmoja wa sehemu tatu hutoa 12. Kwa jiko la nyumbani napendelea hayo 12, ambayo hutoa mashimo makubwa yenye kuta zinazoonekana, na donge hupitia kusukumwa mara chache. Matabaka 27 hutoa ganda laini zaidi na mashimo madogo, nalo bamba huyamudu vizuri. Ukienda hadi 81 siagi inakuwa nyembamba mno, inapotelea ndani ya unga, na ubora wa bamba unakuwa umetupwa.

Ladha ndiyo sehemu ambayo mabamba hutofautiana sana, na maelezo ya mauzo huipita kimya. Siagi iliyotengenezwa kwa kuangalia unyumbufu tu inaweza kuwa na harufu hafifu kuliko siagi nzuri ya kupaka mkate, na katika kruasani, ambayo haina kingine cha kuficha nyuma yake, upungufu huo unasikika. Tafuta bamba la siagi ya malai yaliyochachushwa. Siagi ya Charentes-Poitou ya Ufaransa, ambayo jina lake la asili limelindwa tangu 1979, hutengenezwa hivyo na huuzwa pia katika mabamba, na harufu yake inayokaribia ile ya njugu zilizokaangwa hubaki hata baada ya kuoka. Majarini ya kukunjia, kwa upande mwingine, ni rahisi kufanyia kazi kuliko siagi yoyote, maana huvumilia joto lililo juu zaidi. Lakini kwa sababu hiyohiyo huchelewa kuyeyuka mdomoni na kuacha utando kwenye kaakaa. Kwa mtu anayejifunza mikunjo kwa mara ya kwanza, majarini si aibu. Waokaji wa Ufaransa wenyewe huyatumia kwa kruasani ya kawaida, ambayo kwa desturi hupindwa kama mwezi mwandamo, huku ile ya siagi tupu ikiachwa imenyooka.

Robo tatu za bamba zitakazobaki zinahitaji uangalifu. Siagi hunyonya harufu za jokofu upesi, na bamba lina uso mpana kuliko kipande cha kawaida, kwa hiyo kila robo ifungwe peke yake, karatasi ndani na mfuko usiopitisha hewa nje, kisha igandishwe ikiwa imelazwa juu ya kitu bapa. Iyeyushwe jokofuni usiku kucha, kamwe isiyeyushwe mezani, kwa kuwa ikishalainika kupita kiasi na kukaza tena hupoteza ule unyumbufu uliokufanya uinunue. Na kabla ya kulipa, geuza kifungashio usome viambato. Yapo mabamba ya umbo lilelile na rangi ileile ambayo ni mchanganyiko wa siagi na mafuta ya mimea, yenye picha ya ng'ombe upande wa mbele na mawese yaliyoandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Donge litakunjika vizuri, kruasani zitapanda, na ladha itakuwa ya majarini kwa bei ya siagi.